Zahanati ipo na bati jipya lakini watu bado wanafia njiani: hivi eneo "lisilofikiwa na huduma za afya" linapimwaje?

Mtu wa Visiwani

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie, hili jambo limenikaa kifuani miaka mingi na juzi nimemsikia mtu redioni anasema wilaya fulani imeshafikiwa na huduma za afya kwa sababu karibu kila kijiji kina zahanati, nikasema hapana leo lazima niandike.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, sio pale Nansio mjini, ni visiwa vidogo vya huko ndani ambako ukiikosa boti ya abiria ya asubuhi umelala hadi kesho. Kwetu zahanati ipo. Naanza na hilo mapema ili mtu asije kuniambia naisingizia serikali. Ilijengwa kipindi cha ule mpango wa MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) ulioanza 2007, zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na sisi wenyewe tulibeba mawe, kina mama wakachota maji ziwani kwa ndoo ya kufyatulia tofali. Ina bati, ina sakafu nzuri, ina kibao mlangoni.

Sasa 2017 shemeji yangu, mke wa kaka, akashikwa uchungu usiku. Tukampeleka, nesi alikuwepo, mmoja tu, na saa tano usiku akajifungua mtoto wa kike salama. Kondo la nyuma likagoma kutoka. Damu ikaanza. Mimi nimekaa nje kwenye benchi namsikia nesi anamwita mama yangu, "mama njoo unishikie tochi", kumbe betri ya sola ilishakufa na muda wote ule alikuwa ameing'ata simu yake kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi. Sindano ya oksitosini ilikuwepo, ile ya kukaza mji wa uzazi damu isitoke, lakini ile dawa inataka ubaridi na friji ilikuwa ya gesi, mtungi umeisha wiki ya pili haujaletwa mwingine. Akachoma hivohivo. Damu haikukata.

Akatoka nje mikono imelowa hadi kwenye viwiko akatuambia tafuteni boti, sio kesho, sasa ivi.

Anayejua dagaa anajua usiku wa giza mwaloni hakuna boti, zote ziko ziwani na taa zao hadi alfajiri, ingekuwa mbalamwezi zingekuwa zimelala ufukweni. Usiku ule ulikuwa giza totoro. Kaka amekimbia mwalo mzima akampata mvuvi mmoja tu aliyechelewa kutoka maana injini ilimsumbua jioni, ana lita 20 za petroli za kazi yake ya usiku. Yule baba hakuuliza hela, alishusha taa zake na nyavu nusu tukamlaza shemeji juu ya nyavu zilizobaki, tukamfunika turubai, mama amemkumbatia mtoto kifuani. Zaidi ya saa mbili kwenye maji. Shemeji alikuwa anaongea, baadaye anaitikia tu, baadaye haitikii, mama anampiga vikofi mashavuni. Nansio wakamtundikia dripu, kaka akatoa damu palepale. Alipona.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nilete uzi. Kwenye rejista ya zahanati shemeji yangu ameandikwa amejifungulia kituoni, mama hai, mtoto hai. Ile ni tiki. Imepanda wilayani, imepanda mkoani, imejumlishwa na wenzake na kuwa asilimia nzuri ya akina mama wanaojifungulia kwenye vituo. Rejista ile haina safu ya kuandika petroli ya mvuvi. Kwenye makaratasi sisi tumefikiwa, na ukweli ni kwamba mke wa kaka aliponea injini iliyoharibika.

Kwaiyo mimi nasema eneo lisilofikiwa lipimwe kuanzia kwenye mkeka alipolala mgonjwa, mguu kwa mguu, hadi pale anapopata tiba inayomfaa ugonjwa wake, na lipimwe kwa saa. Njia ikikatika popote katikati, hata kama umekata utepe wa jengo zuri kiasi gani, hapo hamjafika.

Kuna na hili la watu wasiohesabiwa kabisa. Visiwani kwetu kuna kambi za wavuvi, mtu katoka Mara, katoka Geita, katoka Kagera, anakaa miezi mitatu anahama na samaki. Nesi yule aliwahi kunieleza dawa anaomba kwa idadi ya wakazi wa kijiji, sasa kambi ikijaa idadi inakuwa mara mbili na mseto wa malaria unaisha wiki ya pili ya mwezi. Mwenye kutumia ARV akihama kambi anakatisha dozi sio kwa uzembe, faili lake liko kisiwa kingine.

Na kichocho. Ukanda wetu wa ziwa kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila nyumba. Kila wanapokuja kugawa praziquantel wanaenda shuleni, watoto wanapangwa foleni wanapimwa urefu kwa ile fito ndefu yenye alama za vidonge, jambo jema kabisa. Lakini baba aliyekaa miaka 30 kiunoni ndani ya maji hayupo shuleni. Yeye anakuja kujulikana siku tumbo limejaa maji au anatapika damu beseni zima, na hapo watu wanasema karogwa, na kipimo cha kumwingizia kamera kooni kipo Mwanza ng'ambo ya maji.

Naishia hapa kwanza. Wenye uzoefu wa maeneo mengine njooni.

---

Kibo Mweupe

Mkuu pole sana kwa yaliyomkuta shemeji. Ila tuwe wakweli pia. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulitoa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai laki moja, ule wa 2022 umetoa 104. Hiyo sio kazi ndogo, kuna vituo vingi vya afya vinapasua sasa ivi ambavyo zamani vilikuwa vinatoa panado tu. Na usafiri upo, m-mama, unapiga 115 bure wanakutafutia gari au dereva wa jirani analipwa na mfumo. Tukiandika kila siku kama hakuna kilichofanyika tunawavunja moyo wanaofanya kazi.

---

Mtu wa Visiwani

Mkuu nakubali na wala sibishi hizo namba, na 115 nimeshuhudia imeokoa mtu baada ya kutangazwa nchi nzima 2022. Ingekuwepo 2017 kaka asingekimbia mwalo mzima. Lakini 104 ni wastani, ndani yake kuna mtu wa mjini anayefika hospitali kwa bajaji dakika kumi na kuna mtu wa kwetu. Na ili upige 115 unahitaji mtandao, kisiwani kwetu mtandao unapanda mtini, kuna mwembe kabisa unajulikana. Mimi nataka wale waliobaki nyuma waonekane ndani ya hiyo 104 yenyewe, vinginevyo mtu ataisoma atasema kazi imeisha.

---

Tabibu wa Pori

Nimesoma nikakumbuka mengi. Mimi ni tabibu, nipo zahanati moja huku magharibi, sitaitaja. Mwongozo wa ikama wa 2014 unasema zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache na kituo cha afya 39. Wakuu tupo wawili. Mimi na mhudumu wa afya ambaye kwa haki kazi yake ni usafi na kusaidia ila anachoma sindano, anapima presha, anazalisha nikiwa sipo, na anazalisha vizuri Mungu ambariki.

Mtu akikuta mlango umefungwa anaandika mtandaoni kwamba watumishi wa afya ni wavivu. Sawa. Naomba nieleze mlango unafungwaje. Tarehe za kuomba dawa zikifika napeleka fomu za R&R (ripoti na maombi) wilayani, naenda na pikipiki kilomita 70 za vumbi na masika ni tope. Nikifika naambiwa nikae nisubiri semina kesho. Dawa zikija nusu yake hazipo, narudi kuzitafuta. Nikiumwa mimi mwenyewe nafunga. Mke wangu ni mwalimu, kituo chake ni wilaya nyingine, tumeomba uhamisho mwaka wa nne huu. Nyumba ya mtumishi ipo ila ukuta mmoja umeachia na popo wamejaa darini.

Nimewahi kukaa na mtoto ana malaria kali, degedege, kilo tisa. Sindano ya artesunate ninayo, moja. Dozi inataka ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya masaa 12 na ya tatu baada ya masaa 24. Nilimchoma ya kwanza nikakaa na mama yake hadi asubuhi tunaangalia barabara. Bodaboda ilikuja saa mbili. Yule mtoto nilimuona tena shuleni, anachechemea mguu wa kushoto.

Halafu jambo linaloniuma kuliko yote, mtaani kuna vijana wa kada zetu wamemaliza vyuo, wana leseni, wako nyumbani au wanajitolea kwa nauli. Kijiji hakina nesi na nesi hana kazi, wote wako nchi moja.

---

Binti Rufiji

@Tabibu wa Pori umeongea kaka. Hili la vijana kukosa ajira na vituo kukosa watumishi, watu wa nje hawalielewi kabisa ukiwaeleza, wanadhani Afrika hatusomeshi. Shida ni bajeti ya mishahara. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi 15% ya bajeti iende kwenye afya, hesabuni nchi ngapi zinaitimiza.

---

Mama Wawili Mbagala

Samahanini ndugu zangu, mimi niko Dar na nataka kusema msidhani ni porini tu. Kwetu hospitali ipo, naiona paa lake nikianika nguo. Mama mwenye nyumba wetu anapika chapati na maharage barazani, ana sukari na presha. Kliniki yake ni siku moja kwa mwezi. Siku hiyo anatoka saa kumi alfajiri kuwahi namba, anamaliza saa nane mchana, na kama dawa zimeisha dirishani anaandikiwa akanunue nje. Siku hiyo chapati hazijapikwa na unga alioukanda usiku umechacha. Kwaiyo mwezi mmoja anaenda mwezi mwingine haendi, na dawa ya wiki nne anaikata nusu ili ifike wiki nane. Mwaka jana kidole gumba cha mguu kimekatwa.

Ukimuuliza mtu wa takwimu atakuambia huyu mama anaishi ndani ya kilomita moja kutoka hospitalini. Sheria ya bima kwa wote imepitishwa 2023 tunaisubiri ifike mtaani kwetu kwa vitendo, maana bima sasa ivi wenye nayo wengi ni waajiriwa na mpika chapati hana mwajiri.

Na mimi naunga mkono ya mtoa mada ya kupima kwa saa, ila hesabuni na saa za kwenye benchi, sio za barabarani peke yake.

---

Nuru Ughaibuni

Habari zenu. Nasoma afya ya jamii huku Marekani na hili ndilo darasa letu la muhula huu, acha nichangie. Wenzetu wana kipimo rasmi kabisa cha kutangaza eneo halina huduma za kutosha, kilianza miaka ya 70. Wanachukua vitu vinne: madaktari wa huduma ya msingi kwa kila watu 1,000, vifo vya watoto wachanga, asilimia ya watu walio chini ya mstari wa umaskini, na asilimia ya wazee wa miaka 65 kwenda juu. Vinageuzwa alama kutoka 0 hadi 100 na eneo likipata 62 au chini ya hapo linaweza kutangazwa. Na tangazo linabeba hela, vituo vya afya vya jamii vinavyohudumia watu hao vinapata ruzuku ya serikali kuu. Wana na orodha nyingine ya upungufu wa watoa huduma, daktari au nesi akikubali kwenda kufanya kazi kwenye maeneo yale kwa miaka kadhaa serikali inamlipia deni la chuo. Hebu fikirieni vijana wenye deni la Bodi ya Mikopo wangeambiwa hivyo.

Kilichonigusa ni kwamba umaskini umewekwa ndani ya kipimo. Yaani wanakubali unaweza kuwa na daktari na bado watu hawamfikii, kama huyo mama wa chapati. Ila kipimo chao ukikileta Ukerewe kizimakizima hakifai, hakina ziwa, hakina petroli, hakina giza wala mbalamwezi. Na kigezo cha wazee kwetu kingezipa alama nzuri wilaya zenye watoto wengi ambazo ndizo zina shida kuliko zote.

Kuna daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, alikuwa akitibu wachimba makaa ya mawe kwenye kijiji cha Glyncorrwg, mwaka 1971 aliandika kwamba huduma nzuri ya tiba huwa haba pale inapohitajika zaidi. Uingereza hiyo, ambako matibabu ni bure tangu 1948. Nilipoisoma nilikumbuka kwetu nikalia darasani.

---

Mpokomo Asilia

Jirani zenu kutoka Kenya hapa, Tana River. Sisi afya ilihamia kaunti tangu 2013 na sitadanganya, kuna zahanati zilifunguliwa ambazo babu zangu hawakuwahi kuziota. Lakini mto ukifurika vijiji vinakatwa wiki nzima na hospitali iko upande ule mwingine unaiona, mnavushana na mitumbwi, na mamba wamo. Halafu ndugu zetu Waorma na Wardei wanahama na ng'ombe, chanjo ya mtoto inataka arudi baada ya wiki nne na baada ya wiki nne wako mbali na malisho yameisha huku. Kadi iko sawa, zahanati iko sawa, ng'ombe hawawezi kungoja.

Wahudumu wa afya ya jamii walipopewa mikoba na simu 2023 kitu kilibadilika kidogo kwa sababu sasa yule mtu anatembea na watu. Mgomo wa madaktari wa siku 100 wa kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, watu wa mjini walilia sana na walikuwa na haki, lakini huku kuna vijiji havikuhisi tofauti. Hilo ndilo jibu la swali la mtoa mada kwangu mimi, mahali ambapo madaktari wakigoma siku mia moja na mtu hajui.

---

Bi Mkunga Mstaafu

Wanangu nimewasoma wote, nimezalisha miaka 34. Mmesema barabara, dawa, watumishi, fedha, yote kweli. Wataalamu tangu 1994 wanafundisha ucheleweshaji wa aina tatu, wa kuamua kwenda, wa kufika, na wa kuhudumiwa ukishafika. Mmeongea sana ule wa pili na wa tatu. Wa kwanza mmeupita.

Mwanamke mwenye uchungu wa mtoto wa tatu hakuja kituoni, nikaenda kumuuliza kwake. Akaniambia "nilikuja kwa mtoto wa kwanza, mkanifokea mbele za watu kwamba wakati wa kutafuta mimba sikulia". Hakumtaja aliyesema na mimi nilijua ni nani, alikuwa mwenzangu wa zamu, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Mwanamke yule alikaa umbali wa dakika kumi kwa miguu na hakurudi kwetu, akajifungulia jikoni kwake na mama mkwe. Nyingine ni ile orodha ya kwenda nayo, glovu, pamba, wembe, kibana kitovu, kanga mbili. Sera inasema mjamzito hatozwi, lakini asiyekuwa na hivyo vitu anaona aibu kuja mikono mitupu, anabaki nyumbani.

Na viziwi. Kulikuwa na binti kiziwi kila akija anakuja na mdogo wake wa kiume wa miaka 12 amtafsirie. Mambo ya uzazi, kwa mtoto wa miaka 12. Mnaelewa ni mangapi hakuyasema.

---

Kibo Mweupe

Bi Mkunga shikamoo. Hii sikuwa nimeifikiria kabisa, naomba nikiri. Mtoa mada swali langu la mwisho, sasa nyinyi kisiwani mlifanya nini baada ya ile 2017? Na wengine wa visiwani serikali iliwafikia?

---

Mtu wa Visiwani

Bi Mkunga marahaba yako nakuachia shikamoo yangu na mimi, umesema ambalo sisi wanaume hatukuliona.

Mkuu Kibo, kwa jirani zetu wa Ukara mnakumbuka 20 Septemba 2018, MV Nyerere imetoka Bugolora ikapinduka ikiwa inakaribia gati la Bwisya, ndugu zetu zaidi ya 220 wakafa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Baada ya msiba sehemu ya rambirambi zilizochangwa na Watanzania ikaelekezwa kuboresha kituo cha afya Bwisya. Nashukuru kila aliyechanga, wagonjwa wanatibiwa pale. Ila kila nikipita najiuliza majengo yale yangesubiri miaka mingapi ile feri ingefika salama.

Sisi kwetu tulikaa kikao cha kijiji na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Tulikubaliana kila boti inayovua mwaloni petu itoe lita moja kila mwezi wa giza unapoanza, petroli ikae kwenye dumu zahanati, funguo mbili, moja ya nesi moja ya mwenyekiti wa BMU, na kila usiku wa giza boti moja ibaki ufukweni kwa zamu, mwenye zamu analipwa na wenzake samaki wa usiku huo. Kulikuwa na ubishi mkubwa hasa kwa watu wa kambi kwamba wao sio wenyeji, mpaka yule yule mvuvi aliyembeba shemeji akasimama, maana na yeye ni mtu wa kambi, katoka Mara.

Mtoto aliitwa jina la mama yake huyo mvuvi. Yuko shule ya msingi. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani nikaenda kuangalia dumu, liko nusu, na kwenye daftari la zahanati nesi mpya amechora safu yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu pembeni ya "mama hai", ameandika juu "alivushwa na nani".